Chakula cha Waliohama

Hedwiga alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Shamba lake lilikuwa mlimani juu ya Same, kwenye mteremko ambao ukoo wa mumewe uliumwagilia kwa maji ya ndiva, bwawa dogo lililochimbwa na mababu. Mwaka 1974 ndiva ilikauka, matope yake yakapasuka. Mahindi yalinyauka yakiwa kimo cha goti, na watu wakaanza kuchimba mizizi porini.

Ndipo malori ya serikali yalipofika bondeni, kwenye kijiji kipya cha ujamaa, yamesheheni mahindi ya njano ya msaada. Agizo lilikuwa fupi: chakula ni cha waliohama.

Hedwiga hakubishana. Alibomoa nyumba yake mwenyewe, akashuka na miti ya paa kichwani, watoto wakimfuata. Aliyekataa ni mama mkwe wake, Bibi Dorkas.

"Mume wangu amelala hapa migombani, na mwanangu, mumeo," alisema. "Nikiondoka, nani atawafagilia makaburi?"

Basi Hedwiga akawa anapanda mlima na kifurushi cha unga kiunoni. Mgao wenyewe haukuwatosha watoto. Alichompelekea mkwewe alikitoa kinywani mwake, na wenzake kisimani waliona jinsi mabega yalivyochongoka.

Katibu wa kijiji alikuwa Eliufoo, shemeji yake, kitindamimba wa Dorkas. Siku moja ya mgao alimsimamisha mbele ya watu wote.

"Shemeji, nasikia unga unapanda mlimani. Unampelekea nani?"

"Mama yako."

Eliufoo aliinamisha uso. "Nikimlisha mama yangu aliyekataa kuhama, hawa niwaambie nini? Nao wana mama zao huko juu."

"Waambie wawalishe," Hedwiga akajibu.

Siku hiyo alipewa nusu ya mgao, na mgao uliofuata ukawa vivyo hivyo. Rosemary, binti yake mdogo, akaanza kuvimba miguu na uso. Nywele zake zikawa nyepesi, rangi ya majani makavu.

Habari zilimfikia Dorkas kupitia wakata kuni. Kesho yake aliteremka peke yake na mkongojo, akafika jua limeshapinda, akaketi chini mbele ya ghala. Eliufoo alitoka mbio, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Dorkas hakuitikia. "Nimehama," alisema. "Wape watoto chakula chao."

Wakapewa. Rosemary alipona polepole, lakini bibi hakumaliza mwezi. Joto la bondeni lilimchosha, kisha homa ikammaliza. Alikuwa ameomba arudishwe akalale karibu na mumewe. Wanaume walikusanyika kuutazama mwili, wakatazamana wao kwa wao. Hapakuwa na mwenye nguvu za kubeba jeneza kupanda mlima. Alizikwa pembeni mwa kijiji, kwenye udongo mwekundu usio na hata mgomba mmoja. Kaburi alilichimba Eliufoo mwenyewe, akakataa kupokewa jembe.

Mvua iliporudi, Eliufoo aliacha ukatibu. Alikwenda kwa Hedwiga, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Shemeji, niruhusu nikulimie."

Hedwiga alimwonyesha kiwanja cha nyuma. Eliufoo alilima msimu wote, na mchana Hedwiga alimpelekea ugali wake kwenye sahani, akauweka juu ya jiwe, kisha akarudi ndani kula na watoto.