Nilivyompigia Goti Mke wa Lodi

Wakati wa lockdown ya korona, kila nikitoka kazini nilijifungia chumbani Penrith, Australia, na riwaya za kuchekesha kuhusu malodi, wale makabaila wa Uingereza, watu wazima wasioweza kuvaa soksi bila mtumishi. Mimi, ninayewavisha wazee soksi tangu alfajiri, niliona raha sana kuwacheka. Kumbe nilikuwa nasomea ujinga.

Akaletwa mkazi mpya kwenye kituo chetu cha kutunzia wazee, Bi Dorothy, anayeongelea puani. Siku ya kwanza aliniambia, "Binti, chai hii ni dharau."

Mimi msomi nikajua hapohapo: huyu ni mke wa lodi. Nikaanza kumwita Mheshimiwa. Nikampigia gazeti pasi, kama watumishi wa kwenye riwaya. Kila nikiingia napiga goti, naye ananinyooshea mkono kwa maringo.

Jumapili binti yake, Sharon, alisimama nje ya dirisha, maana korona ilizuia wageni. Waliongea kwa simu, iko kwenye spika. Akaniona nimepiga goti na trei mkononi.

"Mama, huyu anafanya nini?"

"Nyamaza, Sharon. Usiniharibie."

Sharon alicheka hadi kioo kikaingia ukungu. "Dada, mama aliendesha lori la taka Rooty Hill miaka thelathini! Hayo maringo ameyatoa kwenye riwaya!"

Mheshimiwa akageukia ukuta. Mimi nilikuwa bado chini.