Jivu Mlangoni kwa Khocha Wekesa

Nilipokuwa mtoto kule Saboti, niliamini kwamba homa ina miguu na kwamba miguu hiyo inaogopa jivu. Hayo nilifundishwa na nyanya yangu mzaa mama, tuliyemwita Kukhu. Kila mwaka mahindi yalipoanza kutoa ndevu na baridi ya mlima kushuka, alichota jivu jikoni akalimwaga mstari mmoja mbele ya mlango. Alisema homa hulala ndani ya ndevu za mahindi mabichi, humpanda mpita njia na kumfanya punda wake mpaka kwenye nyumba za watu. Aliyepiga chafya hakuruhusiwa kuvuka.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Niliona kuku wakilichakura jivu lile na kuondoka wazima, nikataka kujua linamtambuaje mwenye homa. Siku moja nililionja. Kukhu akanikuta na mdomo mweupe.

"Jivu halijui kitu," akasema. "Mimi ndiyo najua."

Mwaka ninaoukumbuka zaidi, jivu lilimwagwa nene kuliko kawaida. Khocha Wekesa, yaani mjomba wangu, alikuwa amerudi kutoka Bungoma alikokuwa fundi wa baiskeli, akiwa amekonda na akikohoa. Hospitalini Kitale walimkuta na kifua kikuu, wakamwanzishia dawa za miezi mingi. Majirani walipoliona jivu walimsifu Kukhu kwa kuwakinga na ugonjwa wa mwanawe, lakini hawakuwa wameelewa. Khocha alikuwa anameza dawa zake na kulala peke yake, dirisha wazi, kama alivyoagizwa. Kijiji kizima kilimwogopa yeye, ila Kukhu alituogopa sisi.

"Kifua kimoja hakilazi wageni wawili," alikuwa akisema. "Huyu mmoja ameshaingia. Wa pili asiingie."

Mama yangu aliuza mitumba Kitale, akaniacha nilelewe kwa Kukhu. Jumamosi moja alikuja kumwona ndugu yake, kikapu kimejaa mkate na sukari. Nilitoka mbio kumlaki. Kabla sijamfikia akapiga chafya, na Kukhu akasimama mlangoni, mwiko wa ugali ungali mkononi.

"Wewe mtoto, rudi. Na wewe Nasimiyu, kaa hapo nje."

"Mama, ni kamafua tu. Si nimsalimie ndugu yangu?"

"Msalimie ukiwa hapo."

"Kwani mimi nimekuwa mgeni hapa?"

"Wewe ni mtoto wangu. Hiyo homa sikuizaa."

Mama akakaa kwenye gogo uani, machozi yakimlengalenga. Kwetu, kumzuia mtu asimwone mgonjwa si jambo dogo. Anayezuiwa huanza kujiuliza kama anadhaniwa mchawi. Khocha akatoa kichwa dirishani, akamtania dada yake kuhusu mabwana wa Kitale mpaka akacheka bila kupenda. Lakini mama alipoondoka bila kunigusa, nilimchukia Kukhu jioni nzima.

Dawa zilifanya kazi. Khocha akaongeza mwili, akaanza kuziba pancha za baiskeli za majirani uani. Mahindi nayo yakakomaa, yakavunwa, na Kukhu akafagia jivu lake. Ndevu zimekauka, homa itakaa wapi?

Majirani wakaja kutusaidia kupukuchua, kama ilivyo ada. Walikaa duara uani, makapi yakipaa, huku wakikohoa na kufuta makamasi kwa kanga. Hakuna aliyeshtuka. "Ni vumbi tu hii bana," walisema, na vumbi kweli lilikuwepo. Khocha akavuta kiti akaketi katikati yao. Nadhani hakuna siku niliyomwona na furaha kama ile, mtu aliyeongea kwa dirisha tangu baridi ianze.

Nikamuuliza Kukhu mbona watu wanakohoa na hakuna jivu.

"Mahindi yamekauka," akanijibu, akaendelea kupepeta.

Homa ilimpata Khocha kabla magunia hayajaisha kushonwa. Ilitupata sisi sote, tukaugua, tukapona. Yeye alipelekwa Kitale akivuta pumzi kwa shida, na hakurudi. Jina lake Wekesa alipewa kwa sababu alizaliwa wakati wa mavuno, na wakati huo huo tulimzika. Mama alitueleza alivyoambiwa na daktari, kwamba mapafu yake yalikuwa bado yanajijenga, mafua yakayakuta yamechoka.

Kukhu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hivyo haikuwa ndevu?"

Nilimhurumia mpaka nikasahau kwamba nilikuwa nimemchukia.

Nimelifikiria jivu lile miaka yote hii. Lilifanya kazi, ila si kwa sababu aliyoitaja. Halikuzuia homa ya mahindi, lilizuia watu. Kukhu aliujua mlango, alichokosea ni majira, na majira hayo nani angemfundisha?

Siku hizi nyumba yangu iko Kitale, na mama, ambaye sasa ni mzee, anatumia dawa zile zile za kifua kikuu katika chumba changu cha mbele. Binti yangu ndiye anayemtunza nikiwa kazini Bungoma. Juzi nilirudi pua ikinitiririka. Tunapikia gesi, nyumbani hakuna jivu hata la kupaka kidole. Nilisimama nje nikitafuta barakoa mkobani, na mama akanisikia nikipiga chafya.

"Umepata homa?"

"Kidogo tu, mama."

"Huko njiani mahindi yako namna gani?"

"Yamekauka. Watu wanavuna."

"Hata kama," akasema. "Kaa hapo hapo nje."

Nikakaa kwenye ngazi. Nikamsikia akiburuta kiti chake polepole hadi dirishani, akalifungua, akaanza kuniuliza habari za Bungoma.