Jiwe Zito la Euphrasia

Mabula wa Didia alifiwa na mkewe Euphrasia wakati wa mavuno. Vyombo waligawana ndugu. Jiwe la kusagia likabaki nyuma ya jiko, maana hakuna aliyejisumbua kulinyanyua. Mtama siku hizi unapelekwa mashineni.

Mzungu mmoja, Ingrid, mgeni wa parokia kutoka Norwei, alikuja kutoa pole. Akaliona lile jiwe, akachuchumaa.

"Kwetu hili linaitwa *kvern*."

"Kwerini," akasema Mabula.

"Ni neno la kale mno. Wasomi wanadhani lilianzia kwenye neno lenye maana ya zito."

"Nalo ni zito kweli," akasema Mabula. Mazungumzo yakaishia hapo.

Lakini jirani yake Melania alikuwa uani kwake, akipepeta. Kisimani akasimulia kuwa mzungu amelishika jiwe la marehemu, akasema ni zito. Kwa wachimbaji, jiwe likiitwa zito lina dhahabu. Habari ikafika machimboni Kharumwa kabla mzungu hajafika parokiani.

Boaz, mume wa Violeth binti wa Mabula, ni mchimbaji. Akaja na kamba, na mwenzake mwenye pikipiki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kamba ya nini?"

"Tunalipeleka jiwe karasha, kwenye mashine ya kusaga mawe, baba. Likisagwa tutajua."

"Hilo ndilo linalosaga."

"Mzungu amesema ni zito!"

"Amesema neno ni zito. La kwao."

"Ah, baba! Neno linabebwa likapimwa? Wazungu wanayajua mawe."

"Huyu anafundisha kwaya."

Mwenye pikipiki akacheka. Boaz hakucheka, akaanza kukunjua kamba.

Mabula akaona likifika karasha litarudi vumbi. Lile bonde la katikati lilichimbwa na mikono ya Euphrasia. Kugombana na mkwe ni aibu, na mkwe naye hathubutu kumgusa baba mkwe wake. Akaingia ndani, akatoka na mtama kwenye bakuli, akapiga magoti, akaumwaga juu ya jiwe, akaanza kusaga. Hajawahi maishani.

"We Mabula, hiyo kazi ya wanawake!" Melania akapaza sauti.

"Wameisha humu."

Boaz akangoja, kamba mkononi. Mtama ulipokwisha, Mabula akamwaga mwingine. Jua likapinda. Mwenye pikipiki akasema ana abiria Bugarama, hawezi kushinda anamtazama mzee akisaga. Wakaaga, wakaondoka.

Jioni Mabula akasonga ugali. Ulikuwa na chenga, na mchanga. Akaula wote.