Mnyama Aliyeondoka na Mshale

Nyumbani kwa Swalha, mfanyabiashara wa Unguja aliyepanga hapa Guangzhou, kila Ijumaa nyama haikosekani, na kila Ijumaa Edina huipisha. Sinia likimfikia huchota wali na mchicha, nyama akamwachia wa pembeni. Wenzake wa kanisani walidhani ana mfungo usiokwisha. Waislamu walidhani anamwogopa mchinjaji, wakamhakikishia kwamba ni halali. Swalha, ambaye mdomo wake haujui likizo, humuuliza, "Shoga, we mtu au mbuzi?" Edina hucheka tu.

Jambo lenyewe linaanzia kwa baba yake, Mzee Elisante, aliyewinda kwa upinde kwenye vilima vya Mbulu. Mzee alikuwa na sharti alilorithi kwao: ukimjeruhi mnyama humwachi, unafuata damu mpaka umwone, na kabla hujamwona huli nyama yoyote. Mwaka mmoja pofu jike, yule mnyama wa jamii ya swala mkubwa kama ng'ombe, aliondoka na mshale wake ubavuni. Mzee alimfuata siku nne, mvua ikafuta nyayo. Alirudi nyumbani, na hakuonja nyama tena hadi alipozikwa miaka kumi na miwili baadaye. Krismasi watoto wakigombania mapande, yeye alikula maharage. Edina alimwonea huruma na, tuseme ukweli, alimwonea aibu pia.

Guangzhou alikuja kusoma, akabaki kuwa mkaguzi wa mizigo. Mteja wa mbali akiagiza bidhaa, Edina huenda kiwandani kuzikagua kabla hazijapelekwa bandarini Huangpu. Alianza na midoli ya soko la Yide Lu, jina likasambaa. Ndipo duka moja la vifaa vya uwindaji, huko kwenye milima ya Montana, Marekani, likampa kazi ya kukagua vyembe vya mishale, yaani vile vichwa vya chuma vyenye makali. Wateja wa duka hilo huwinda elki, mnyama wa jamii ya kulungu, mwenye mwili kama wa pofu na pembe zilizotanda kama matawi.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Katika kila boksi atoe vyembe ishirini, avirushe kwa upinde kwenye mguu wa nguruwe wenye mfupa, aone kama makali yatang'oka. Upinde aliujua tangu utotoni, na aliifurahia kazi hiyo kuliko zote.

Siku ya mzigo wa pili mvua ilinyesha vibaya, na kontena lilikuwa lifungwe saa kumi jioni. Laoban, yaani mwenye kiwanda, alisimama mlangoni akigonga saa yake. "Kuai, kuai! Meli haikungoji wewe!" Edina alirusha vyembe vitatu vya boksi la juu. Vyote vilitoka vizima. Akaandika ishirini kwa kila boksi, akasaini.

Mwezi wa Septemba mwenye duka alimtumia picha ya chembe kilichobaki kijiti tu, makali hakuna. Mteja wake mmoja alimpiga elki dume alfajiri, makali yakang'okea begani, mshale ukadondoka njiani, mnyama akateremka bondeni na makali mwilini. Mtu yule alimtafuta siku mbili, theluji ikaanguka, akakata tamaa. Mwenye duka aliuliza swali moja: hivi vilipimwa kweli?

Laoban hakuona tatizo. "Mei wenti! Sema mwindaji hajui kulenga. Karatasi si inasema ishirini?" Na kweli karatasi ilisema ishirini. Edina aliibeba siku mbili kwenye mkoba, hana usingizi. Siku ya tatu alimwandikia mwenye duka: nilipima vitatu, nikadanganya, zuieni mzigo wote, na mwambieni yule bwana arudi mlimani akamtafute. Kazi ya ukaguzi ikaishia hapo, kwa duka lile na kwa wengine waliosikia. Siku hizi hutafsiri kwa wanunuzi wa nguo Zhanqian Road. Na tangu siku aliyoandika, hajala nyama.

Ijumaa moja ya Juni alichoka kutaniwa, akamweleza Swalha yote. Swalha alisikiliza mpaka mwisho, kitu kisicho cha kawaida yake. "Basi siku akipatikana, mie ndo nitakukaangia," alisema.

Alipatikana wiki mbili baadaye. Ujumbe wa mwenye duka uliingia sinia likiwa katikati, Edina akausoma kwa sauti. Theluji imeyeyuka, mwindaji amerudi, ameiona mifupa chini ya msonobari, makali yakiwa bado begani, hatua mia nne kutoka pale alipokata tamaa.

"Alhamdulillahi!" Swalha alirukia pande nono la mbuzi, akaliweka mbele ya Edina. "Haya shoga, deni limekwisha. Kula."

Edina alikuwa bado anasoma. Mwindaji alieleza kwamba gome la ule msonobari lilikuwa limetafunwa pande zote, chini kabisa, mpaka pale mdomo wa mnyama aliyelala ulipoweza kufika.

"Hakufa siku ile, Swalha," alisema, machozi yakimtoka waziwazi. "Alikaa pale siku nyingi. Anakula mti."

Swalha aliliondoa lile pande taratibu, akalirudisha kwenye bakuli. Kisha akachota mchicha, akamwekea Edina, akajiwekea na yeye, wakala.