Msimamizi wa Viti Vitupu

Usimwone msimamizi wa kiwanda cha nguo mpole hivi. Kabla ya korona, akifoka, hata vyerehani vilinyamaza. Sasa kiwanda kimefunguliwa tena, lakini mafundi wamenogewa na kushonea nyumbani kwao, naye amenywea. Kila asubuhi anapangusa viti vitupu kwa leso yake, anavitia mafuta vyerehani visivyo na mtu, kisha anasimama getini kama bwana harusi aliyeachwa. Leo alimwona fundi wake wa zamani akija, akamkimbilia.

“Karibu, dada yangu! Kiti chako kinakungoja.”

“Ahsante, bosi. Nimefuata mkasi wangu tu. Wateja wamejaa nyumbani.”

Msimamizi akauleta mkasi, akaung'ang'ania kidogo, akashusha sauti.

“Na huko kwako, dada, hamhitaji msimamizi?”