Duara Nyuma ya Shuka

Nianze na aibu yenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa mtaa wetu wa Hewa Bora, maana wao wakiisimulia wanainuka na kuonyesha kwa mikono, tena wanaongeza chumvi: ndiyo, ni mimi Trezor, mimi ndiye niliyetundika mapaja ya kuku mbele ya waalikwa wa arusi wakati wameinamisha vichwa kuomba.

Mwaka ule bei ya shaba ilianguka na mji ukaanguka nayo. Mabosi wa kiwanda chetu cha kuyeyusha shaba walipanda ndege bila kuaga, na sisi wafanyakazi tukagawana vilivyobaki, mmoja akaondoka na mlango, mwingine na meza, mimi nikapata viti vya plastiki na kaske yangu, ile kofia ngumu ya njano iliyoandikwa TREZOR mbele kwa rangi nyekundu. Viti nikavibadilisha na ordinateri, kompyuta ya kubeba, ya injinia mmoja aliyekuwa anafunga mizigo (nilimwuliza kama atakubali pungufu ya kiti kimoja, akakataa, nikamwuliza tena, akakubali). Kioo chake kilikuwa kimekufa, lakini ukiiunganisha na kioo kingine ilionyesha vizuri, na ndani yake mlikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona popote: ukibonyeza gurudumu la katikati la souris, yaani kipanya cha kompyuta, duara linachomoza palepale mshale ulipo, kama sahani, na pembeni mwa sahani zimepangwa programu zako. Kulia picha, kushoto muziki, juu kamera, chini kufunga ulichofungua. Huzunguki kutafuta kitu. Unabonyeza, unasukuma mkono upande mmoja, kimefunguka.

Nikafungua kibanda cha kuchapisha karatasi na picha. Alama nyingine zote za kwenye kioo nikazificha ili binamu zangu wasichezee, nikabaki na duara langu peke yake, na kusema kweli watu walikuja kuliangalia duara kuliko kuchapisha. Nilikuwa nafumba macho mbele yao, nabonyeza, nasukuma mkono kulia, picha hizo. “Hata giza, hata usingizi,” nilikuwa nasema. Kichwa kilikuwa kimevimba hivi.

Sasa, mnajua kwamba yote haya nilikuwa nayafanya kwa ajili ya Neema, msichana niliyetaka kumwoa. Baba yake, Papa Kambale, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, mwenye malori na mwenye maombi, alikuwa ananipenda nilipokuwa kiwandani. Kiwanda kilipofungwa, akaanza kuuliza mbele ya kila mtu: “Ule mutoto iko na kazi gani sasa? Kubonyeza-bonyeza njo kazi?” Halafu dada mkubwa wa Neema akapata arusi, na Neema akapigania mpaka baba akakubali nionyeshe picha za familia siku ile ukumbini. Papa Kambale aliniita akaniambia bila kuzunguka: “Mama yangu hatafika. Barabara ya kule Butembo iko na bunduki. Nataka watu bamuone. Ukinifanyia ile kazi muzuri, wazee bako bakuje kwangu, tutaongea juu ya Neema. Ukiharibu, babakie kwabo.”

Mimi nikaenda kukodi projekta kwa mtu mmoja wa mtaa wa Annexe.

“Mashine na mutu wake, bei moja,” akasema.

“Mutu abakie. Nipe mashine.”

“Grand, kaka yangu, hii iko na mambo yake ndani.”

“Hata yangu iko na mambo yake ndani.”

Akanipunguzia, nikatoka pale nikijiona mfalme wa Kampemba nzima. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, wapendwa, kwa mikono yangu na kwa punguzo.

Siku yenyewe, Mzee Ramazani, fundi cherehani jirani yetu, Mwislamu wa asili ya Maniema, akatuletea shuka kubwa jeupe alilolishona mwenyewe, tukalitundika mbele ya ukumbi. Mtu wa protokole, mpangaji wa waalikwa, akasema watoto watapita mbele ya mwanga na kufanya vivuli vya sungura. Nikamwambia hakuna tatizo, projekta tunaiweka nyuma ya shuka, mwanga utapenya. Na ulipenya kweli. Nikaweka projekta nyuma, ordinateri nyuma, spika nyuma, na kwenye kiti mbele ya ordinateri nikaweka kaske yangu, ndani yake vipande vya kuku. (Msinitazame hivyo. Mpishi mmoja nilimwomba fungu la fundi wa picha, akanipa. Mpishi wa pili nikamwomba fungu lilelile, akanipa pia. Nyumbani kulikuwa na midomo, na viti tulikuwa hatuna tena vya kuuza.) Mimi mwenyewe ningebaki huko nyuma na kuku wangu, lakini Papa Kambale akaniita:

“Hapana, Trezor, njoo ukae huku karibu yangu. Nataka nione unavyotumika.”

Souris yangu haikuwa na kamba. Nikaibeba, nikakaa mbele na waalikwa, pembeni mwa baba wa Neema, nikaiweka mezani kama daktari anayeweka kisu.

Shuka likawaka, na jambo la kwanza tuliloliona ni majina ya maarusi yameandikwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Ukumbi ukageuka kumwangalia Mzee Ramazani.

“Musiniangalie miye,” mzee akasema. “Ile haiko Kiarabu.”

Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Papa Kambale akasimama. “Tuinamishe vichwa kidogo kwa ajili ya mama yangu. Tukiinua, tutamuona.” Vichwa vikainama.

Nikabonyeza gurudumu. Duara likachomoza pale kwenye shuka, kubwa kama sinia la arusi, na waliokuwa wanaomba kwa jicho moja wakasema “Aaah!” Picha nikaiona iko kushoto. Mkono wangu ulitaka kwenda kulia, kama siku zote, lakini macho yakaukemea mkono: huoni? Kushoto! Nikasukuma kushoto. Kushoto ni muziki, mlisahau? Mimi nilisahau. Ukalipuka wimbo wa baa, ule wa kutikisa kiuno, kwa sauti ambayo spika zile zilikuwa hazijawahi kutoa hata nilipokuwa nazijaribu kwa aliyenikodisha.

Hapo nikaelewa: tuko upande wa pili wa shuka, kila kitu kimegeuka, na yule mutu wa mashine niliyemwacha ndiye aliyejua pa kukirudisha. Basi nami nitageuza, nikajiambia, akili yangu ikifanya kazi kwa kasi ya mtu aliyekwisha kupotea. Kufunga kuko chini, kwa hiyo nisukume juu! (Shuka hugeuza kulia na kushoto tu, juu inabaki juu. Leo najua.) Nikasukuma juu. Juu ni kamera.

Na kamera, huko nyuma ya shuka, ilikuwa inaangalia kitu kimoja tu. Kaske ya njano ikajaa shuka zima, na mapaja ya kuku yametokeza miguu nje kama watu walio kwenye beseni la kuogea. Na jina! Majina ya maarusi yalisomeka kinyume, lakini kamera ile ilikuwa inageuza picha kama kioo cha kunyolea, shuka likaigeuza tena, kwa hiyo neno pekee lililosomeka sawasawa siku ile lilikuwa TREZOR.

“Na batu ba jikoni banasema kuku imeisha!” shangazi mmoja akapiga kelele juu ya muziki.

“Haikuisha, mama. Iko kazini!” mwingine akamjibu.

Papa Kambale aliangalia kaske, akaniangalia mimi, akakaa polepole, na nikaona wazee wangu wanabaki kwao, mwaka huu na miaka yote. Nikabonyeza tena, duara likatoka tena juu ya kuku, nami sikujua tena kulia ni wapi.

Ndipo kiganja kikanifunika macho kutoka nyuma. Kilinukia majani ya sombe na sabuni. Neema, mbele ya baba yake na mbele ya kanisa zima!

“Si unasemaka hata giza?” akaninong’oneza. “Ni giza. Fanya.”

Nikabonyeza, chini. Nikabonyeza, chini. Muziki ukakatika katikati ya neno. Nikabonyeza, kulia. Nikasubiri mtu acheke, hakuna aliyecheka. Neema akaondoa kiganja.

Pale kwenye shuka bibi yake, mama wa Papa Kambale, alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake kule Butembo, kitambaa kichwani, anaangalia ukumbi kana kwamba sisi ndio tuliochelewa kufika. Papa Kambale akasogea karibu mpaka mwanga ukampaka usoni.

“Doa yake imehamia shavu ingine,” akasema. “Lakini iko yeye. Mama, iko yeye.”

Alipojifuta uso akarudi mezani, akaniinamia sikioni. “Wazee bako bakuje. Lakini ile kaske, uniachie.”

Nilifikiri anataka kuku.

Wazee wangu walikwenda, wamepangwa vizuri, mjomba wangu mbele, mtu ambaye hata sokoni wauzaji wakimwona wanafunika bidhaa. Papa Kambale akataja mahari, mbuzi anaowataka na kila kitu kingine, mara moja, kwa utulivu. Mjomba akakohoa, akafungua kinywa kupunguza. Papa Kambale akaichukua kaske ya njano, ile ya kuku, chini ya kiti, akaiweka katikati ya meza, jina likiwa limeelekezwa kwetu. Mjomba akafunga kinywa. Kila alipokifungua, kaske ilisogea kidogo mbele.

Tukalipa bei ya kwanza. Mimi, Trezor, bei ya kwanza! Tangu siku ile nikikodi mashine, naichukua na mutu wake, nasema asante, na kabla ya kuuliza bei mara ya pili Neema ananitazama tu, basi, nafumba macho nalipa.