Glasi ya Maji Kabla ya Breki

Siku yangu ya kwanza gerejini, pale nyuma ya mtaa wa Kaloleni, sikupewa spana. Msimamizi wa mafundi alinipa glasi ya maji, akasema, "Dada, kabla hujagusa breki ya gari kuukuu, jua kwanza ilimiminiwa nini." Nilikuwa mwanamke pekee humo, nikadhani ananitania.

Hakuwa akinitania. Mafuta ya breki ya kawaida, yale yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4 kwenye kopo, ukiyadondosha majini huyeyuka. Oili ya injini huelea. DOT 5 ya silikoni nayo haiyeyuki, wala haifai kuchanganywa na hayo mengine. Gari la zamani lina mipira ya kuzibia ndani ya breki, iliyotengenezewa mafuta yake. Ukilitilia mengine, mipira huvimba na breki hukukana mlimani. Soma kitabu cha gari, nunua kopo jipya lililofungwa, maana lililo wazi hunyonya unyevu, na huku ziwani unyevu haukosi.

Nilihamishiwa karakana ya kiwanda cha samaki, kisha nikarudi gerejini nikiwa msimamizi. Asubuhi moja Baba Ochieng', mvuvi wa ufuo wa Dunga, alileta pikapu yake kuukuu. Breki zilikuwa zinajishika zenyewe, na siku hiyo alikuwa abebe jeneza la mamake kutoka mochari hadi nyumbani, ng'ambo ya milima. Nikafungua boneti, kisha kopo la breki, lile linaloshika mafuta yake. Mpira wa kifuniko ulikuwa umevimba. Nikadondosha tone glasini, likaelea.

"Uliongeza nini hapa?"

"Oili kidogo tu, ile ya injini ya boti. Mafuta si ni mafuta tu?"

Nikatia ufunguo wa pikapu mfukoni. Mipira yote ilipaswa kutolewa na mabomba kuoshwa. Haikuwa kazi ya asubuhi moja.

"Mama, watu wako mochari! Unataka mama yangu angoje barabarani?"

Meneja akatoka ofisini. "Mpe gari yake. Ni kastoma."

"Sawa, Bwana Meneja. Basi panda naye."

Meneja akarudi ofisini. Baba Ochieng' alilia mbele ya mafundi wote, na moyo uliniuma vibaya. Alipata gari la kukodi, wakafika nyumbani wamechelewa, wazee wakamlaumu. Kwa miaka mingi alinipita sokoni kama hanijui. Kama breki zingemwangusha, hakuna anayejua, hata mimi.

Sasa nimestaafu, nakaa Migosi, na bado nagombana na vijana wanaochagua mafuta ya breki kwa rangi ya kopo. Juzi pikapu ile ile ilisimama langoni, watoto wamejaa nyuma. Baba Ochieng', mvi kichwa kizima, akaomba maji. Nikamletea glasi nikidhani ana kiu.

Hakunywa. Alifungua boneti, akachovya kijiti kwenye kopo la breki, akadondosha tone glasini mbele yangu. Likayeyuka.

"Mama," akasema, "napeleka wajukuu waone kaburi ya mama yangu. Nimeona nipitie kwako kwanza."